Kata ya Jumamosi

Arusha,
14 Machi 1995

Dada yangu Penina,

Kabla hata sijakuamkia, nakusihi: isome barua hii ukiwa peke yako, kisha itie motoni. Shemeji asijue, mama asijue. Shikamoo, dada. Natumaini hamjambo nyote hapo Kikatiti, na kwamba kifua cha mwanao Agnela kimepona. Mimi sijambo, ingawa neno hilo leo naliandika kwa mazoea tu.

Kuna jambo hamlijui nyumbani. Tangu nianze kazi mjini nilikuwa mlevi, wa kuamka mikono ikitetemeka hadi nashindwa kupiga chapa. Mwaka jana shirika letu lilipouzwa kwa tajiri na watu wakaanza kupunguzwa, niliogopa, nikajiunga na kikundi cha walevi wanaosaidiana kuacha. Tunakutana katika chumba cha usharika, na yasemwayo humo hayatoki nje. Tunafuata hatua kumi na mbili. Ya kwanza ni kukiri kwamba pombe imetushinda. Mlezi wangu ni mzee Sifael, aliyekuwa dereva wa malori. Nilipomwuliza hatua ya pili huchukua muda gani, alicheka, akasema karani wewe, hapa hakuna jalada la kufunga. Leo usinywe, kesho uje tena. Nikawa naenda, na kweli nikaacha.

Ndiyo sababu Krismasi niliikataa kata ya mbege ya baba. Alikwisha kuonja yeye kwanza, ili nione haina sumu, nami nikairudisha mbele ya wazee. Unakumbuka baba mdogo Mikaeli alivyodakia kwamba msomi anaogopa kulogwa na mzazi wake. Wote walicheka isipokuwa baba. Sasa ameniita Jumamosi nipokee kata mbele ya wazee wale wale, tupatane. Nisipokunywa, hatapeleka posa kwa kina Ndeshi. Nikitaja sababu, baba yake Ndeshi atakuwa ameisikia kabla ya ibada ya Jumapili, na tajiri wetu kazini Jumatatu.

Mzee Sifael alinishauri nimweleze baba ukweli, la sivyo nisiende kabisa, maana kwangu mimi hakuna funda moja. Nikamwambia hamjui baba yangu. Akasema anamjua sana, kwao Machame anaye wa aina hiyo hiyo.

Dada, lililonifanya niandike ni hili. Jana nilitaka kujipima. Niliona heri nijaribu mapema kama naweza kumeza funda moja na kurudisha kata, ili Jumamosi nisiaibike. Nikaenda kilabu cha Ngaramtoni, ambako sijulikani, nikaagiza mbege, nikameza. Sikuirudisha kata. Leo sikwenda kazini, na mwandiko unauona mwenyewe. Sifael bado hajui. Nilikuwa nikiitamka ile hatua ya kwanza kila wiki kama ungamo la kanisani. Leo ndiyo nimeielewa, na haijanisaidia kitu.

Sijui hata nikuombe nini. Kumweleza baba siwezi, kumkataa tena siwezi, na kunywa ndiko huku.

Wasalimie watoto. Usipige simu ofisini wala usimtume mtu. Njoo mwenyewe kabla ya Jumamosi. Shuka Sakina, uulize kwa mama Hanna anayeuza mkaa. Chumba changu ni cha uani, mlango wa bati. Gonga. Nisipoitika usiondoke, dada. Nitakuwamo.

Mdogo wako,
Elihuruma