Amplifaya Haijafa

Baba, amplifaya usiipeleke kwa fundi. Asubuhi ulisema nimeiua kwa kufuta vumbi. Ulipotoka nikaiwasha, nikakaa nayo. Iliimba kidogo, ikajizima kama jana. Kuigusa juu, moto kama pasi! Matundu yake ya kupumulia yako juu, na sisi tumeyafunika. Nilipoifunua ikapoa, ikaimba mpaka nikamaliza kufua.

~~Mama, kosa ni la kitambaa cha~~

Mama, kitambaa chako cha kufuma ndicho hiki chini ya karatasi. Mezani kinapendeza zaidi.

Nguo ziko kambani, mvua ikija mzianue.

Baba, pole yangu nitaipokea jioni, na muziki uwe umewashwa.

Mimi bintiyo,
muuaji wa amplifaya