Siagi Waliyoigombania Akina Mama wa Tarbell

Shambani kwetu, Hazen Ridge,
Vermont.
24 Septemba 1868

Roxana, wamemwita! Usharika mzima wa Tarbell umenyoosha mikono, hakuna hata mmoja aliyeubakiza wake mfukoni! Mkwe wangu Asahel anasimikwa kuwa mchungaji wao wa kudumu, na Lovina wangu, yule yule uliyekuwa ukimwogesha kwenye beseni hapa jikoni huku akikurushia maji usoni, ndiye mama mchungaji wa Tarbell mpaka aote mvi.

Haya. Nimeshalitoa, sasa naweza kukuandikia kama mtu aliyefundwa.

Mpendwa mdogo wangu Roxana,

U mzima huko Ohio? Shemeji kifua chake kinaendeleaje? Ulisema anakohoa kila asubuhi. Mfunge kitambaa cha sufu shingoni hata akinuna, maana wanaume hununa kwanza, wakapona baadaye. Na wanangu hawajambo? Nasikia Silas amekuwa mrefu hadi anainama mlangoni. Hiyo ni damu ya kwetu, siyo ya shemeji, mwambie hivyo hivyo.

Sisi huku tu wazima. Goti la Jotham bado linatabiri mvua vizuri kuliko almanaka, na mwaka huu halijakosea hata mara moja. Tufaha ni nyingi mpaka matawi tumeyawekea nguzo. Ng'ombe wangu mwekundu anatoa maziwa mazito ajabu, na utaona mwenyewe kwa nini namtaja.

Sasa nikueleze vizuri, maana barua yangu ya Juni ilikuwa ya machozi na najua ilikukosesha raha.

Unakumbuka Asahel aliitwa Tarbell kwa mwaka mmoja wa kujaribiwa, kisha usharika upige kura abaki au aende. Huko walikotoka hawakupigiwa kura, na kule kwa kwanza vilevile. Mara mbili Lovina amefungasha vyombo, akavitia kwenye majani makavu, akafuata gari la farasi na mtoto mgongoni. Na huko kwa pili, wajua, aliacha kaburi dogo la mwanawe Alma. Alipofika Tarbell aliniambia neno moja tu, "Mama, mimi sina nguvu ya kufungasha tena." Akaanza kupanga sahani kabatini. Mimi mamake nikajua hapo hakuna mchezo.

Na si kwamba hafanyi kazi. Roxana, kama ungemwona! Koti jeusi la Asahel aliligeuza nje ndani, akalishona upya, na hakuna jicho la Tarbell lililogundua. Jumamosi, mumewe anapoandika mahubiri kwenye chumba pekee chenye moto, watoto anawapeleka jikoni, wanacheza kimya kama paka. Phebe ana miaka mitano na tayari anajua zaburi nne. Enos anaota meno na analia kwa sauti ya mhubiri. Wagonjwa anawatembelea yeye, darasa la Jumapili la wasichana ni lake, na kila Jumapili anakaa benchi la mbele kabisa, usharika mzima unahesabu mikunjo ya kofia yake. Nani angeweza hayo? Wewe? Mimi? Sisi tungeshatukana mtu.

Basi, kilichotaka kuwaponza kilikuwa siagi.

Unajua desturi yetu. Ile siku ya Januari ambapo watu wote huja nyumbani kwa mchungaji na vitu vyao, kuni, maharage, paja la nguruwe, na akina mama kila mmoja na siagi yake yenye muhuri wake, ile picha inayogandamizwa juu kwa kibao. Mama Wheelock, mke wa shemasi mkuu, muhuri wake ni mganda wa ngano. Mama Peaslee, ambaye benchi lake linatazamana na la Mama Wheelock tangu enzi za baba zao, wake ni bata maji mwenye shingo ndefu. Wote wawili wanaamini Mungu alipoumba siagi aliwafikiria wao.

Mwezi wa Machi Lovina akawakaribisha akina mama chai, walipokuwa wakishona nguo za sanduku la wamisionari. Akaleta mkate na siagi mezani. Siagi ipi? Iliyokuwa karibu na mkono! Mtoto analia, birika linachemka, nani ana nafasi ya kutazama muhuri? Akaiweka mezani na yule bata amesimama juu yake, shingo imenyooka kama yuko mahakamani.

Mama Wheelock akamtazama bata. Akala mkate mkavu mpaka ukaisha, akashukuru, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata shemasi Wheelock alisikiliza mahubiri huku anatazama dirishani. Lovina, maskini, akadhani amepata dawa. Chai ya Mei akaleta mganda wa ngano peke yake. Sasa wa kula mkate mkavu akawa Mama Peaslee! Mpaka Juni nusu ya usharika wanamwona mama mchungaji ni wa upande ule, na nusu nyingine wanamwona ni wa upande huu, na pande zote mbili zikakubaliana jambo moja, kwamba labda Tarbell itafute mchungaji mwingine. Ndipo nilipokuandikia ile barua ya machozi.

Kura ilikuwa Septemba. Mwisho wa Agosti zamu ya chai ikarudi nyumbani kwa mchungaji, na mimi nikafunga safari na mtungi wangu wa siagi miguuni, nimeufunika majani mabichi, maana hata kama ni mama mkwe wa mchungaji siendi nyumba ya mtu mikono mitupu. Lovina alinipokea mlangoni, akanibusu, kisha akanishika mabega.

"Mama, nakuomba kitu kimoja."

"Sema, mwanangu."

"Usiseme chochote."

"Chochote kabisa?"

"Kabisa, mama. Ukiulizwa, tabasamu."

Nikaapa. Usicheke, Roxana.

Lile joto sitalisahau. Barafu ya Tarbell, ile inayofukiwa kwenye vumbi la mbao tangu majira ya baridi, ilikuwa imeshakwisha, na kule chini ya nyumba Lovina alikohifadhi siagi zote za akina mama, mihuri ilikuwa imelala. Bata hana shingo, ngano haina masuke. Lovina akachota kila moja kwenye bakuli lake, akazipanga mezani. Yangu akaitia kwenye lile bakuli la buluu lenye ufa, ulilompa wewe siku ya harusi. Mimi nikakaa pembeni na soksi yangu ya kufuma, mdomo nimeufunga kama mfuko.

Akina mama wakaingia, wakakaa, macho yote mezani.

"Mihuri yetu iko wapi?" akauliza Mama Wheelock.

"Joto limeila, mama," akajibu Lovina. "Karibuni mle."

Basi wakaonja, kila mtu anatafuta yake. Mama Wheelock akafika kwenye bakuli la buluu. Akapaka kidogo. Akafumba macho.

"Hii hapa. Siagi yangu naijua hata gizani."

Mama Peaslee akanyoosha kisu chake, akaonja. "Hiyo? Samahani, mama shemasi, hiyo ni mkono wangu. Chumvi hiyo ni yangu mimi."

"Chumvi yako! Ya kwako mtu akiila anakunywa kisima kizima."

"Na ya kwako mtu anauliza kama chumvi imekatazwa na shemasi!"

Na mwingine naye akaonja, akasema jamani, mbona kama ni ya kwake yeye? Na mwingine. Roxana, nilikuwa nimefuma kisigino mahali pa vidole! Ulimi wangu ulikuwa unaruka kama samaki kwenye kikapu, lakini nilikuwa nimeapa.

Mwishowe Mama Wheelock akageuka. "Mama mchungaji ndiye aliyezipanga. Atuambie. Hii ni ya nani?"

Vichwa vyote vikamgeukia Lovina. Mimi hapo nikaona njia wazi kama barabara ya posta. Kura ni za wanaume, sawa, lakini kura ya nyumba ya Wheelock hupigwa mezani, na nusu ya mashemasi hufuata nyumba hiyo. Aseme tu ni ya Mama Wheelock, amalize! Nikamkonyeza. Nikapeleka kichwa upande wa Mama Wheelock, hivi, mpaka shingo ikaniuma. Nilikuwa tayari kuitoa siagi yangu sadaka, mimi, ambaye sijawahi kumpa mtu sifa yangu hata siku moja!

Lovina akaniona vizuri sana. Kisha akaweka birika chini.

"Ni ya mama yangu," akasema. "Ameileta leo asubuhi."

Nikajua tumekwisha. Nikaona sahani zile zinarudi kwenye majani makavu.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Peaslee. Alianza kidogo puani, halafu akaishika meza kwa mikono miwili. Mama Wheelock hakucheka. Alinigeukia mzima mzima na kiti chake.

"Yaani wewe umekaa hapo unafuma, sisi tunagombania siagi yako?"

Nikatabasamu, kama nilivyoagizwa.

"Mama, sasa unaweza kusema," akasema Lovina.

"Nilikatazwa kuongea," nikasema. "Lakini kwa kuwa nimefunguliwa, siagi hii naiosha maji ya chemchemi mpaka yatoke meupe, na ng'ombe wangu analishwa upande wa jua. Na wewe, mama shemasi, una ulimi mzuri sana wa kuonja. Umeijua ndiyo bora mara ya kwanza tu."

Hapo akacheka naye, mpaka kofia ikamwangukia sikioni! Roxana, wale wanawake wawili walikula kutoka bakuli moja, wakinihoji kuhusu chumvi mpaka chai ikapoa, na sanduku la wamisionari siku hiyo halikupata hata shati.

Alipokuwa anavaa shali yake mlangoni, Mama Wheelock alimshika Lovina mkono. Nilikuwa karibu, nilisikia. "Ungeweza kusema ni yangu, binti. Ningekuamini." Akatoka. Lovina aliingia jikoni akalia kidogo, mimi nikagonganisha sahani kwa sauti ili asijue nimesikia.

Jumatatu iliyopita wanaume wamekutana. Wa kwanza kusimama alikuwa shemasi Wheelock. Eti alisema nyumba ya mchungaji ambamo mtu anaambiwa ukweli hata kuhusu siagi, ndiyo nyumba anayotaka itoe mchungaji wa kuwazika watu wake. Mzee Peaslee akasimama naye kabla huyo hajakaa, asije akaonekana kachelewa. Asahel alipomletea mkewe habari, Lovina alipanda darini, akayachukua yale majani makavu ya kufungashia, akayapeleka yote kwa ng'ombe wa jirani. Asahel ndiye ameniandikia hayo. Mkwe mzuri yule, siku zote nilisema.

Sasa siku ya kusimikwa wanakuja wachungaji wa sharika za jirani kumhoji Asahel mafundisho, na baadaye ni karamu kwa kila mtu. Mama Wheelock na Mama Peaslee wamepanga meza pamoja, na wametoa amri kwamba siagi yote ije bila muhuri. Mimi sikupinga. Yangu watu wataitambua tu. Nitaileta mitungi miwili.

Na ninyi lazima mje. Reli sasa inafika hadi karibu kabisa, Jotham atawapokea kwa gari letu. Ile kofia yako ya kijani usiiache, nataka Tarbell waone tumetoka wapi. Lovina amesema mama mdogo wake atakaa naye benchi la mbele, upande wa kulia, na Phebe katikati yenu.

Nisalimie shemeji, na Silas, na binti yako Drusilla, mwambie mama zake wa huku wanauliza posa imefika wapi. Jotham anakusalimu, Lovina na Asahel pia, na Enos anakulilia. Bwana awatangulie njiani na awafikishe hamjanyeshewa.

Ni mimi, dada yako anayekupenda na ambaye leo hakamatiki,
Keziah Prentiss

Watu wote tunawangoja Tarbell, saa nne asubuhi, Jumatano, tarehe kumi na nne Oktoba.