Shukrani Niliyoitoa Mapema

Mpendwa Papa,

Wanaosoma barua hii watajiuliza ni mwanamke gani huyu anayemwandikia baba yake habari za mpira. Niwatoe wasiwasi: wewe ni mwanangu. Umebeba jina la marehemu baba yangu, na kwetu Uvira, Kongo, mtoto wa namna hiyo haitwi kwa jina lake, anaitwa Papa, hata akiwa na miaka miwili na bado anakojoa kitandani. Nimeomba barua iwekwe kwenye kijarida cha jumuiya yetu hapa Toronto, ikae wazi, kwa sababu kosa langu nililifanya wazi, mbele za watu, tena nikicheza.

Juzi ulinipigia simu kutoka huko Saskatchewan. Ukaniambia kocha wa chuo atatangaza Jumatatu nani atakuwa kwotabeki, yaani yule ambaye katika mpira wa huku, unaochezwa kwa mikono, anakabidhiwa mpira kwanza, kisha anaamua aurushe kwa nani au akimbie nao mwenyewe. Ukasema, "Mama, safari hii usitoe shukrani mpaka niambiwe." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Halafu ukaongeza jambo jingine, kwa sauti ya chini: siku hizi ukipiga goti uwanjani unaona aibu, na hujui kama kuna anayekusikia. Hapo sikucheka. Nilikujibu haraka haraka, "Omba tu, itapita," kama mtu anayekupa dawa ya kikohozi. Tangu siku hiyo jibu hilo linanikera. Acha nikujibu upya.

Nianze na mkono wako. Unakumbuka ule ufukwe wa Ziwa Ontario tuliokuwa tunakwenda baada ya ibada, ulipokuwa na miaka saba? Tulikuwa wageni kabisa, tunakaa St. James Town ghorofa ya kumi na saba, na lifti ilikuwa inafanya kazi ikipenda. Sikuwa na la kukufundisha kuhusu nchi hii, maana nami nilikuwa najifunza kupanda basi. Lakini mawe nilikuwa nayajua. Nilikuonyesha kuchagua jiwe bapa, kuinama kidogo, kulirusha kwa ubavuni na mkono wa kushoto, likaenda likirukaruka juu ya maji. Nilipokuwa mtoto kando ya Ziwa Tanganyika, mkono huo ulinipatia fimbo nyingi shuleni. Wewe nilikuachia wako. Ulikuwa unapiga kelele, "Tena, Mama! Tena!" huku vidole vimekuwa vyekundu kwa baridi, nami narusha tena, na kitenge changu cha kanisani kimelowa mpaka magotini. Sidhani kama nimewahi kuwa na furaha kama ile katika nchi hii.

Ndiyo maana miaka minane baadaye, kocha wa shule yako kule North York aliponiita kulalamika kwamba unarusha mpira kwa ubavuni kama mtu anayefukuza kuku, nilitazama viatu vyangu. Alisema mpira unarushwa kutoka juu ya bega. Alisema unatumia mkono wa kushoto, unakimbia kabla ya kufikiri, na kwotabeki hawi hivyo. Sikumwambia kwamba mwalimu wako alikuwa amekaa mbele yake na mkoba mapajani.

Na goti lako pia. Kabla ya kila mchezo ulikuwa unakwenda pembeni mwa uwanja, unavua helmeti, unapiga goti moja na kufumba macho. Wenzako walikuwa wanakupiga picha na kukutania. Mzazi mmoja aliniuliza, kwa adabu zote, kama unafanya hivyo ili uonekane. Nikapandwa na hasira, halafu nikagundua kwamba swali hilo hilo lilikuwa moyoni mwangu. Mimi ninayeimba kwaya kwa sauti ya kupasua dari, goti la mwanangu lilinitia haya! Tukiwa kwenye basi nikakuuliza, "Unaomba mushinde? Na wale wa upande mwingine, wao hawana Mungu?" Ukanijibu kwa Kiingereza chako, ukitazama dirishani, kwamba huombi kushinda. Unaomba usiogope kurusha vibaya mbele za watu.

Sasa tufike kwenye aibu yangu.

Alhamisi moja ulirudi nyumbani ukasema kocha anataka kuzungumza nawe Jumatatu kuhusu nafasi ya kwotabeki. Ni hayo tu uliyosema. Mimi nikasikia niliyotaka kusikia. Unajua kanisani kwetu mtu akipata jambo jema anatoa shukrani: anasimama analieleza, anapita mbele akicheza na watu wake, kapu kichwani, na baada ya ibada analisha kanisa zima. Watu wanashukuru kwa mtoto, kwa kazi, kwa makaratasi ya ukaazi, hata kwa leseni ya udereva. Mimi nikashukuru kwa kiti ambacho ulikuwa hujakikalia.

Nilipika sombe, kisamvu chetu, sufuria mbili, samaki, ndizi za makemba na wali. Niliwavalisha mama wanne wa kwaya kitenge kimoja. Nikashika maikrofoni: "Bwana asifiwe! Mwanangu amepewa kuwa kwotabeki!" Hakuna aliyejua ni kitu gani. Mama Zawadi, rafiki yangu tangu wiki tuliyofika, alimnong'oneza jirani yake, "Ni kazi ya serikali?" Lakini vigelegele vilipigwa, ngoma ikalia, watu wakala wakafungashiwa na vya nyumbani. Wewe ulikaa kiti cha nyuma umejifunika uso na kofia ya jaketi. Nilidhani unalia kwa furaha.

Jumatatu kocha akakwambia amemchagua mwingine. Wewe utakuwa wa kukimbilia mpira na kuudaka.

Ulinitaka nisimame Jumapili inayofuata niseme ukweli. Nikakataa. "Niseme nini?" nilikufokea. "Mungu amebadili mawazo?" Utaratibu wa kutoa shukrani upo, wa kuirudisha sijawahi kuuona. Na leo nikuambie nililokuficha: siku zile sikuomba. Nilikwenda kazini kwenye makao ya wazee kule Richmond Hill, nikawaogesha wazee wangu, nikawalisha, nikarudi nyumbani, na Mungu sikumsemesha hata neno. Nilikuwa nimemnunia. Kwenye kwaya nilifungua mdomo tu.

Kisha mchungaji akatangaza kwamba haifai kushukuru kwa mtu bila kwenda kumwona. Walikuja uwanjani kama thelathini, mchana wa Oktoba wenye upepo wa kukata masikio, vitenge juu ya makoti mazito, na ngoma wakaileta. Papa, ile siku nikiikumbuka bado nafunika uso, na bado nacheka. Walishangilia kila aliyeanguka, wa timu yako na wa timu nyingine, kwa sababu walidhani kuanguka ndiyo kazi yenyewe. Mama Zawadi akaniuliza, "Wetu ni nani? Ni yule anarusha?" Ningesema hapana. Ningesema tu hapana, neno lenyewe fupi. Nikasema, "Angalia tu, utaona."

Basi wakaangalia. Na kwa kuwa ndani ya helmeti wote mnafanana, kanisa zima likaanza kumshangilia yule kijana mwingine kwa jina lako, jina la baba yangu, kwa ngoma na kwa sauti tatu. Kila akishika mpira, jina lako. Kijana wa watu akawa anageuka kututazama kama tumepotea njia. Nawe ulikuwa kule mwisho wa uwanja, unasikia kila kitu.

Mlifungwa vibaya. Nikadhani utaingia moja kwa moja chumba cha kubadilishia nguo, nami nitapona. Badala yake ulikuja mpaka kwenye uzio, ukavua helmeti, nywele zimelowa, mvuke unakutoka kichwani. Wewe ambaye hata nikikuuliza kama una njaa unanijibu Kiingereza, ulisema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kwa shida, ukitafuta kila neno: "Wapendwa, aksanti kwa kuja. Lakini miye si kwotabeki. Kocha alikataa. Yule mulikuwa munaita, ana jina lake. Mama alisema mbele ya wakati kwa sababu alikuwa na furaha sana. Musimukasirikie."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Zawadi akasogea mpaka kwenye uzio, akakuuliza:

"Na ile sombe tulikula, nayo ilikuwa ya uongo?"

"Hapana, Mama Zawadi. Ile ilikuwa ya kweli."

"Basi. Vaa koti, utapata mafua."

Watu wakacheka hadi wengine wakashika nguzo. Mchungaji alicheka kuliko wote. Ngoma ikaanza upya, safari hii kwa mwenye jina, na yule kwotabeki wa kweli akaja kuuliza kwa nini mchana kutwa tulikuwa tunamwita mtu mwingine. Aliondoka na sambusa mikono yote miwili.

Lakini kuna jambo lililotangulia hayo yote, na sijawahi kukwambia kwamba nililiona. Kabla ya mchezo kuanza ulikwenda pembeni, mahali pako pa siku zote. Ulikuwa umenyimwa, mama yako alikuwa amekutia aibu mbele ya kanisa, na wenzako walikuwa wameshatoa simu zao. Ukapiga goti. Nilisimama pale na koti langu nikajisemea, huyu mtoto anaomba asiogope, na mimi niliyemzaa naogopa neno hapana. Tukirudi kwenye basi nilisema na Mungu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Sikusema mengi. Nilisema nimerudi.

Yaliyofuata unayajua. Mwaka wako wa mwisho alikuja kocha mwingine, akakutazama ukirusha, akakuna kichwa, akasema hajui hicho ni kitu gani lakini mpira unafika. Na mpira ukafika, ukakufikisha chuo kikuu, mbali na sufuria zangu.

Sasa unaniuliza kama kuna anayesikia. Mwanangu, mimi si mwalimu wa dini, ni mwimbaji wa sauti ya kwanza mwenye haraka, na siwezi kukuthibitishia. Ukiona aibu, piga goti na aibu yako. Siku ukishindwa kupiga goti, simama, rusha mpira wako, hakuna mtu wa nyumba hii atakayekugombeza. Lakini usiseme kwamba hakuna kilichotokea. Mhubiri hakuweza kunirudisha mimi, na tunao wahubiri wazuri. Kama hujui kama kuna aliyekuona siku ile, mimi nilikuona.

Nimelisikia ombi lako kuhusu shukrani. Unisamehe. Jumapili hii, siku moja kabla kocha wako hajafungua mdomo, nitapita mbele. Sombe nimeshaitwanga, imejaa kwenye friza mpaka barafu ya juisi imekosa pa kukaa. Mama Zawadi ameshaniuliza kwa ukali, "Umeambiwa kweli, ao ni kama ile mara?" Nikamwambia kwotabeki sitamtaja, na kocha aamue anavyopenda. Nitashukuru kwa mtoto aliyekuja kwenye uzio akasema ukweli niliouogopa, halafu akaniombea nisikasirikiwe.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, Papa. Mara ile nilishukuru kabla ya jambo kutokea. Hili lilitokea miaka minne iliyopita, na sijawahi kulishukuru. Safari hii nimechelewa.

Vaa koti, hata kama ni Agosti. Na urushe kwa ubavuni.

Ni mimi mama yako,
ambaye ulirithi mkono wake wa kushoto