Nimewaombea Ruhusa Wazee Wasio Wangu

Mpendwa mshauri, nimekwama, na kichwa changu cha darasa la sita kimeshindwa kunikwamua. Nafunga nondo kwenye jengo la ghorofa kumi na moja, mbali na nyumbani, na wenzangu huniita Waya kwa sababu waya wa kufungia haunitoki mfukoni. Mke wangu amebaki nyumbani na watoto wetu wawili, ni fundi cherehani, mchapakazi, simlalamikii kwa lolote, isipokuwa tangu ana miaka kumi na minne anaipenda bendi moja ya roki ya zamani, wanaume watano wa magitaa ya umeme na nywele ndefu, ingawa sasa nywele zimebaki kwa wawili tu. Siku ya harusi tuliingia ukumbini kwa wimbo wao hadi shangazi akauliza kama jenereta limeharibika, na lugha wanayoimbia mke wangu haijui, huimba anavyosikia, na watoto huimba hivyo hivyo, nami nimezoea, siku hizi akipiga simu nikayasikia yale makelele nyuma yake roho yangu hutulia.

Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti: "Baba watoto, wazee wanakuja huko uliko tarehe ishirini mwezi ujao, na mimi nakuja. Omba ruhusa siku tatu."

Mimi nikajua ni baba na mama yangu, ambao hawajawahi kuona ninapofanya kazi, nikaenda kwa msimamizi wetu, mtu mkali asiyetoa hata nusu siku, nikamwambia wazee wanakuja. Akavua kofia ya kazi. "Wangu niliwazika sijawaonyesha hata tofali moja nililojenga," akasema. "Chukua siku tatu, Waya. Nitakuja kuwaamkia." Wenzangu watatu ninaolala nao chumba kimoja wakaamua watahamia stoo ya mbao, na mmoja ameshatundika pazia.

Jioni nikampigia mama watoto kumuuliza kama goti la mama litaziweza ngazi zetu.

"Mama yupi tena?" akasema. "Nasema wazee wangu, wa bendi. Ndiyo onyesho lao la mwisho, na tiketi mbili ninazo."

Alicheka mpaka simu ikakatika. Mimi sikucheka. Nikisema ukweli ruhusa itapotea, nikinyamaza msimamizi atamwamkia nani? Fundi mpaka rangi mmoja mwenye mvi, niliyemnong'oneza siri hii, amejitolea kuwa baba yangu kwa siku hiyo. Nimefikiria pia kumwambia mke asije, lakini kwa miaka kumi na sita ya ndoa hajaniomba kitu kingine. Na wivu kidogo ninao, mwaka mzima hakusema anakuja kuniona, hao wazee wanakuja ndiyo naye anakuja. Nifanyeje?

Waya, mfunga nondo

JIBU

Ndugu Waya, nimekuhurumia, na nimecheka pia, unisamehe. Hukudanganya, ulielewa vibaya. Lakini tangu jioni ile unajua ukweli, na kila asubuhi unayomwamkia msimamizi wako ukiwa kimya unaligeuza kosa la sikio kuwa uongo. Mtu aliyekuonyesha kidonda cha wazazi wake hachezewi. Huyo mpaka rangi mshukuru, kisha mwambie arudi kwenye ndoo yake.

Kuhusu wivu, nitakusema kidogo. Mtu anayefuata bendi peke yake hanunui tiketi mbili, wala hakwambii uombe ruhusa. Bendi imempa mkeo sababu ya kusafiri. Wewe ulimpa sababu lini? Nimeisoma barua yako mara mbili, sijaona mahali ulipomwita.

Kesho, kabla ya kazi kuanza, mfuate msimamizi akiwa peke yake. Mwambie hivi: "Nilielewa vibaya neno la mke wangu. Anayekuja ni yeye. Ruhusa nairudisha, na naiomba upya kwa ajili yake." Akikupa siku moja, pokea moja. Akikunyima kabisa, fanya kazi yako na jioni uende onyeshoni hivyo hivyo na vumbi lako, hao wanamuziki wameona mengi. Wenzako waambie nao, wakucheke. Pazia hawataling'oa. Wazazi wako pia waalike, siku nyingine, na useme "baba na mama".

Ukitoka kwa msimamizi, kabla hujapanda ghorofani, mpigie mkeo. Bendi usiitaje. Mwambie umemkumbuka na unamtaka huku, ruhusa iwepo isiwepo.