Sura Yangu kwa Jina la Sharifa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefika saa moja kasorobo. Nimesimama mlangoni mbele ya mashine ya mahudhurio, ikanitazama uso, taa ikawaka kijani, ikasema "Ahsante" kwa ile sauti yake ya mwanamke aliyeshiba. Nimevaa aproni. Wazazi watatu wodini. Mmoja wa Kengeja, mimba ya kwanza, alikuwa anauma shuka asisikike. Kajifungua adhuhuri. Mtoto wa kike, kilo tatu kasoro kidogo. Nimeandika daftarini, nimetia saini.

Sharifa, mkunga mwenzangu, kanikumbusha kuwa kesho Jumanne. Sikuhitaji kukumbushwa. Mama yake amepooza upande mmoja, yuko Kiuyu, na Jumanne hana mtu wa kumgeuza wala wa kumkosha. Sharifa aliomba ruhusa kwa barua tangu mwezi wa tano. Hajajibiwa. Tumepanga wenyewe. Jumanne nakuwa mkunga peke yangu, Jumamosi yeye hunishikia zamu ya usiku. Daktari Makame, dhamana anayesimamia kituo, Jumanne huwa mkutanoni Mkoani. Hajui. Au hataki kujua.

Jumanne, 5 Agosti

Peke yangu. Mapacha. Wote wazima, mama mzima. Miguu imenivimba.

Alkhamisi, 7 Agosti

Nimesimamishwa kazi.

Barua imekuja saa nne, ina muhuri. Inasema tangu tarehe 16 Juni mpaka 31 Julai mashine imeniona kazini siku sita. Siku sita! Kosa: utoro. Mshahara umezuiwa. Nisikanyage wodini mpaka kamati ya nidhamu inisikilize mjini Chake.

Nimeisoma mara tatu. Nimecheka. Kisha nikaenda chooni nikalia.

Daktari Makame kaisoma kwa kusimama. "Bi Riziki, miye nakuona kila siku," kanambia. "Lakini mashine hii haiko chini yangu." Nimemkabidhi funguo za kabati la dawa.

Palikuwa na mzazi kitanda cha pili, njia imefunguka nusu. Nimemuacha na Sharifa. Miaka kumi na saba ya kazi, sijapata kumuacha mzazi katikati ya uchungu.

Jumapili, 10 Agosti

Habari imenitangulia kila pahala. Dukani nimeulizwa kama kweli nina kazi nyengine Unguja nakula huku na huku. Nimelipa sabuni, nimetoka.

Daktari Makame kapiga simu. Aliiandikia ofisi ya Chake kwamba nilikuwapo, akatia na kurasa za daftari la wazazi. Wamemjibu kuwa saini za mkono ndizo zilizofanya mashine zikaletwa.

Hakuna zaidi. Nimepika, nimefua, nimefagia uani mara mbili.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekaa na barua na kalenda. Siku zangu sita ni tarehe 7 mpaka 12 Julai. Zimefuatana. Nikawa najiuliza wiki ile nilifanya nini ambacho sikufanya wiki nyengine.

Nimekumbuka wakati namenya muhogo. Miwani. Nilipewa Chake katikati ya Juni, baada ya kushindwa kusoma maandishi ya kwenye chupa za sindano. Wiki ile ya Julai skrubu ilidondoka, miwani ikakaa kwa fundi saa. Nilikuwa nasoma daftari kwa kunyoosha mkono, Sharifa ananicheka.

Kwa hivyo bila ya miwani mashine inanijua. Nikivaa, hainijui.

Lakini taa iliwaka kijani kila siku. "Ahsante" kila siku. Ilikuwa inamshukuru nani?

Alkhamisi, 14 Agosti

Nimejua.

Nilikwenda kituoni kuchukua viatu vyangu vya kazi. Ubaoni wamebandika mahudhurio ya Julai. Sharifa kakosa siku moja tu, Jumanne ya tarehe nane. Jumanne nyengine nne zote yupo. Nami najua alikuwa Kiuyu, maana wodini nilikuwa peke yangu.

Tarehe nane ndiyo Jumanne pekee ambayo sikuwa na miwani.

Sharifa anavaa miwani tangu niko naye. Fremu nyeusi kama yangu, mtandio mweupe wa kazi kama wangu. Wazazi wageni hutuuliza kama sisi ni ndugu. Siku alizokuja kazini tulipita wawili kwa jina moja, mashine ikahesabu mmoja. Siku asizokuja, nilipita mimi kwa jina lake.

Nilimkuta anajifunga aproni. Nikamwambia. Kanielewa haraka kupita kiasi.

"Da Riziki, nilipoona sikukatwa nilidhani mashine mbovu. Nikashukuru Mungu, nikanyamaza."

Nikamuuliza, na barua yangu ilipokuja? Kaikaza kamba ya aproni. Kasema, "Ukiyasema haya, miye ndo nimekwisha."

Nimebeba viatu vyangu nikatoka. Namchukia. Namuonea huruma. Leo vyote viwili.

Jumatatu, 18 Agosti

Hamad, mume wangu, alikuwa uani anapindua karafuu jamvini. Nimemueleza yote. Hakuinua kichwa.

"Mtaje."

Nikamwambia kuwa mimi pia nilijua habari za Jumanne. Nilimficha kwa hiari yangu.

"Kumficha ntu ni jengine," kasema. "Kufukuzwa kazi kwa ajili yake ni jengine."

Nimekasirika kwa sababu kasema kweli.

Jumatano, 20 Agosti

Asubuhi mwanamke kanigongea mlango, jirani wa upande wa msikitini, mimba ya nne. Uchungu umemkamata. Anataka mimi na si mwengine. Nimemgusa tumbo tu, juu ya kanga, nikajua hapana muda mwingi. Mikono ilinicheza kutaka kufanya kazi. Lakini nikimzalisha nyumbani na ikatokea lolote, itasemwa nimemuua, nami nina barua ya kusimamishwa.

Tumesimamisha gari ya abiria, nimepanda naye. Kila shimo la njia ananishika shingo. Mpaka lango la kituo. Pale nimeshuka, Sharifa katoka na kiti cha magurudumu, tukampakia pamoja bila ya kutazamana. Yeye kaingia naye. Mimi nimebaki nje ya ukuta juani.

Nimesimama mpaka nimesikia mtoto analia. Kisha nimerudi kwa miguu.

Sijapata kujiona sina maana kama leo.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimempigia Sharifa simu. Nimemwambia Jumatano, siku ya kusikilizwa, nitaiomba kamati inijaribu mbele ya mashine, na miwani na bila ya miwani. Habari za Jumanne sitazitaja nisipoulizwa. Nikiulizwa, sitasema uongo.

"Haya," kasema.

Basi.

Jumatano, 27 Agosti

Nimerudi sasa hivi. Naandika kabla sijasahau.

Chumba cha juu, joto, mlango wameuacha wazi upate upepo. Watu watatu: Mzee Othman, mwenyekiti, mtu wa makamo; katibu wa kike; na fundi wa kompyuta. Katibu kasoma barua ile ile kama habari za redioni. Kaniuliza kama najitetea.

Nimesema nilikuwapo siku zote. Nimesema kuhusu miwani.

"Kwa hivyo mashine inasema uongo?" kauliza katibu.

"Sijui mashine inasema nini. Naomba mnijaribu."

Wamenong'onezana. Fundi kasema hapo chini mlangoni ipo mashine ya namna ile ile, na majina ya vituo vyote yamo. Tumeshuka sote. Yetu huwaka taa tu. Yao ina kioo kinachoandika jina.

Nimevua miwani. Kioo kikaandika RIZIKI KOMBO FAKI. "Ahsante."

Nimevaa. Kioo kikafikiri kidogo. SHARIFA ALI. "Ahsante."

Mzee Othman kasema nirudie. Nimevua, nimevaa, nimevua, nimevaa. Kila nilipovaa nilikuwa Sharifa. Fundi kanitaka nisogee, nirudi nyuma, nikae upande wa kivuli. Sharifa. Watu waliokuja na shida zao wakawa wanatutazama. Nilitaka kucheka.

Tumepanda tena juu. Nilidhani yamekwisha. Mzee Othman kafungua karatasi, kapitisha kidole, kasimama pahala pamoja.

"Bi Riziki. Fundi ananambia mara nyingi huyu Sharifa kapita mara mbili kwa siku. Yeye na wewe. Lakini Jumanne kapita mara moja. Jumanne nani aliyepita?"

"Mimi."

"Na yeye alikuwa wapi?"

Nilikuwa nimeapa sitasema uongo, na maneno yalikuwa yamefika mdomoni, lakini ulimi haukunyanyuka. Nikaangalia meza.

"Nilikuwa Kiuyu," ikasema sauti mlangoni.

Sharifa. Buibui limejaa vumbi la njiani. Sijui alikuwa pale benchini tangu saa ngapi. Kaingia bila ya kuitwa.

"Kila Jumanne nilikuwa Kiuyu, namgeuza mama. Da Riziki alikuwa anafanya kazi yake na yangu. Utoro kama upo, ni wangu."

Katibu kamuuliza kwa nini hakuomba ruhusa. Sharifa katoa mkobani nakala ya barua yake ya mwezi wa tano, ina muhuri wa kupokelewa wa ofisi ile ile tuliyokaa. Kaiweka mezani, kaisukuma mbele ya katibu. Katibu kaisoma. Kaigeuza nyuma, kana kwamba jibu limeandikwa huko.

Mzee Othman kavua kofia, kajifuta kichwa. Kasema tutapata barua.

Nje tumekaa kwenye kijiukuta, mimi na Sharifa, tumekunywa maji ya chupa moja. Nimemuuliza kwa nini kaja. Kasema alisimama na mimi pale langoni tukimpakia yule mzazi, akaniona nabaki nje. Kasema hakulala tangu siku ile.

Sikumwambia ahsante. Sikuweza. Nilimshika mkono.

Jumatatu, 1 Septemba

Barua mbili. Yangu inasema shauri limefutwa, nirejee kazini, na mshahara uliozuiwa utalipwa. Haina neno "samahani". Nimelitafuta.

Ya Sharifa inasema miezi mitatu nje ya kazi, bila ya malipo. Hilo la kuwa barua yake haikujibiwa halikutajwa. Mimi pia nimeonywa kwa maandishi kwa kujua na kunyamaza. Sawa. Hilo nililifanya kweli.

Mlangoni wamebandika karatasi: wafanyakazi wavue miwani kabla ya kusimama mbele ya mashine. Mashine ipo pale pale.

Nimezalisha wawili leo. Nilifurahi. Kisha nikatazama meza ya Sharifa, nikaona haya kufurahi.

Daktari Makame kaandika barua ya kumtetea. Nimetia saini chini yake. Wahudumu wote wametia, hata mlinzi.

Jumapili, 14 Septemba

Leo nimekwenda Kiuyu. Gari mbili na mwendo wa miguu. Nimebeba sukari, mchele na mafuta ya nazi.

Sharifa alikuwa jikoni anakuna nazi. Kashtuka, kisha kanikumbatia na mikono yake yenye machicha. Kapungua. Hatukusema habari za kazi. Kanionesha chumba cha mama.

Bibi mdogo wa umbo, mweupe wa nywele, shuka safi. Mgongoni hana kidonda hata kimoja. Mimi najua kazi hiyo ni ya namna gani, mgonjwa wa miezi saba asiye na kidonda.

Tumemkosha pamoja. Mimi nimemshika mabega, Sharifa miguu. Bibi akawa ananitazama kwa jicho moja lililo zima, muda mrefu. Kisha akasema, kwa upande mmoja wa mdomo:

"Huyu nani?"

"Riziki, mama," kasema Sharifa. "Tunafanya kazi pamoja."

Bibi kaitikia kwa kichwa. Nimempaka mafuta mgongoni. Sharifa kaweka mto, tukamgeuza upande wa pili, na mvua ndogo ikaanza kunyesha juu ya bati.