Tangi la Mianzi Lisilofika

Mpendwa mjukuu wangu Nekesa,

Huku Kangemi tu wazima. Nyanya yako anakusalimu, na anasema vikapu ninavyosuka bado vinaegemea upande mmoja kama mimi mwenyewe.

Umeniuliza kama usaini kuwa kikundi chenu kimepokea vifaa ambavyo havijafika. Mimi nilisaini. Nilikuwa kijana katika kikundi cha kutengeneza viti vya mianzi, na mwenyekiti alileta fomu ya pesa za serikali, akasema tangi la kulowekea mianzi katika dawa ya wadudu liko njiani. Nilikuwa na kalamu mpya, nikasaini kwa mbwembwe kuwa nimelipokea.

Miezi baadaye mama mmoja, mkaguzi wa serikali, akaja kutoka ofisi za Upper Hill. Aliinua kiti chetu kimoja, unga wa mianzi iliyotobolewa na wadudu ukamwagika kwenye viatu vyake.

"Mianzi hii haikulowekwa. Tangi liko wapi?"

"Muulize huyu," mwenyekiti akasema. "Ndiye aliyelipokea."

Wenzangu wote wakanitazama. Ningesema halikuja, pesa zilizobaki zingesimamishwa, na kila mmoja alizitegemea.

"Mwambie liko kwa fundi," mwenyekiti akaninong'oneza. "Usituangushe, bwana."

"Halikuja," nikasema. "Nilisaini tu."

Mama mkaguzi akanipa karatasi. "Andika hivyo hivyo."

Pesa zilisimama kweli, na wengine hawakunisalimia mwaka mzima. Saini yangu kwenye karatasi ya mkaguzi ilitetemeka, haikufanana hata kidogo na ile ya mbwembwe. Lakini nikiulizwa ipi ni yangu, naonyesha hiyo iliyotetemeka.

Ni mimi babu yako, wa vikapu vya upande.