Mchoro Niliomchorea Mama

Hanoi, 4 Machi 1988

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepunguza kuuma. Sisi wazima, isipokuwa Baba. Ana uvimbe kwenye ini, na daktari anataka kuutoa upande wote wa kushoto. Mama alikataa kutia sahihi. "Mtu atolewe nusu ya ini, abaki mtu?"

Nikakumbuka chumba cha anatomia, ulipokuwa ukiwaandalia wanafunzi maini. Ulikwangua nyama kwa ukucha hadi ikabaki mishipa mitupu, kama mizizi ya mpunga iliyooshwa. Nilikuwa na miaka sita, nikidhani kila mtoto huenda kazini na babu yake hivyo.

Basi nikamchorea Mama ini, nikaligawa kwenye ule mkunjo wa juu. Akasema, "Kumbe kipande kidogo hivi!" Atatia sahihi tarehe kumi na nne. Nimekuwekea nakala ya mchoro.

Mjukuu wako,
Diệp

Nam Định, 9 Machi 1988

Diệp wangu,

Marahaba. Miguu bado mikaidi. Habari ya mwanangu imenikata maini.

Mchoro ni safi, lakini mpaka si huo. Kila mwaka wanafunzi wapya walikata hapo, kwa kuwa mkunjo unaonekana. Mpaka wa kweli hauonekani: unaanzia kwenye kifuko cha nyongo, unarudi nyuma hadi mshipa mkuu. Baba yako atatolewa zaidi ya theluthi. Upande utakaobaki una mishipa yake wenyewe, na ini hukua tena. Hatari ipo, sikufichi.

Mwambie mama yako kabla hajatia sahihi, hata akighairi.

Babu yako,
Khiêm

Hanoi, 2 Aprili 1988

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya hiki. Kalamu ilinishinda.

Nilimwambia. Akanitazama. "Kwa hiyo ulinidanganya?"

"Nilikosea, Mama."

Akasukuma kikombe cha chai kando, akasema, "Chora tena." Aliuliza kila mshipa unakwenda wapi. Baba akaita kutoka kitandani, "Nyinyi, mbona mnanigawana na bado nimo humu?" Mama akacheka huku analia. Kesho yake akatia sahihi.

Baba alipasuliwa tarehe ishirini na mbili. Siku nne hakusema neno. Jana alimaliza bakuli la uji wa mchele, akalalamika hauna mchuzi wa samaki. Mama akamwambia anyamaze, ale.

Kila asubuhi Baba anauliza kama utakuja. Treni ya Jumamosi ijayo inaingia saa nne. Nitakuwa stesheni, Babu, nikushike mkono.

Mjukuu wako,
Diệp